Kwa Nini Mgeni Rasmi Hupita Geti la Ng'ombe

Kona ile ina duka la dawa upande mmoja na kinyozi upande wa pili, na katikati, mbele ya kibanda cha fundi cherehani, pana benchi la ubao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Anayekaa mwisho kabisa hujifunza adabu, maana wenzake wakiinuka kwa pamoja yeye hupinduka na kikombe chake. Hapo ndipo watu wazima, wenye wajukuu na maumivu ya magoti, hukutana kila asubuhi kunywa kahawa ya Mama Birika na kuitengeneza dunia, ingawa dunia haijawahi kuwaomba. Asubuhi hiyo zilikuwa zimebaki siku sita Maonyesho ya Kilimo yafunguliwe, na maonyesho yenyewe yalikuwa yanatimiza miaka hamsini, basi hata mtu aliyekuja kununua dawa ya kikohozi aliondoka na historia ambayo hakuiulizia.

Mzee Komeo alifika wa mwisho. Jina hilo alipewa kwa sababu alifanya kazi ya ulinzi wa mageti katika uwanja wa maonyesho mpaka alipostaafu, na hata nyumbani kwake alikuwa na tabia ya kufunga mlango halafu kurudi kuutikisa. Usingizi haukumjia vizuri. Jana jirani yake alimwambia kwamba kuna binti wa ofisi ya maonyesho anazunguka mitaani na jalada, anawauliza wazee mambo ya zamani, yataandikwa kwenye bango kubwa mlangoni, na leo zamu ni ya kijiwe chao. Komeo akajiapia kwamba kabla binti hajafika atakuwa amelisema neno lake. Neno lenyewe lilikuwa fupi, la pumzi moja tu. Lakini alikuwa nalo kifuani mwaka wa thelathini na tisa sasa, na neno likikaa sana huota mizizi.

— Huyo hapo, alisema Mama Birika akimpa kikombe. Tulidhani umejifungia ndani ukasahau ufunguo.

Wote walicheka. Komeo alicheka pia, ila kahawa ilimpalia.

— Mimi nauliza kitu kimoja tu, alisema Kamusi.

Kamusi ndiye kinyozi. Aliitwa hivyo kwa sababu hapakuwa na neno asilolijua wala methali aliyowahi kuipatia.

— Kwa nini mgeni rasmi anapita geti la ng'ombe?

Swali lilikuwa zuri, hilo tukiri. Kila mwaka, mgeni rasmi wa maonyesho yale, awe na cheo kikubwa namna gani, hushushwa garini mbele ya geti la mifugo. Hukanyaga dimbwi la dawa ya kwato na viatu vyake vya kung'aa, hupita kwenye kichochoro cha mbao wanachopitishwa ng'ombe, kisha husimama juu ya mizani ya ng'ombe, na kilo zake hutangazwa kwenye spika. Watu hupiga vigelegele kuliko wanavyopiga baada ya hotuba. Kwa nini iwe hivyo, wengi hawakujua. Waliojua walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa hapo.

— Jibu ni rahisi, Kamusi alijijibu mwenyewe, maana ndivyo alivyo. Waanzilishi walikuwa watu wa busara. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndo maana mgeni anakanyagishwa dawa, ili mwenyeji asiambukizwe.

— Methali haina maana hiyo, alisema Mama Birika.

— Maneno si ndiyo hayo hayo?

— Maneno ndiyo. Maana ndo umeivunja mguu.

— Haya, dawa tumeielewa, alidakia Breki. Mizani je?

Breki alikuwa dereva wa malori mstaafu. Aliitwa Breki kwa sababu hakuwahi kuzitumia, si barabarani wala kwenye maneno.

— Mizani ni heshima, alisema Kamusi.

— Heshima ya kilo? Acha hizo, bwana. Mimi nimebeba mizigo miaka thelathini. Lori likiingia ghalani linapimwa, likitoka linapimwa tena. Zamani hata mgeni rasmi alikuwa anapimwa akiingia na akitoka.

— Ili iwe nini?

— Ijulikane amekula kiasi gani humo ndani!

Mama Birika aliweka birika chini ili acheke vizuri.

— Na mbona siku hizi hawampimi akitoka?

— Matokeo yalikuwa yanatisha.

Nyuma yao cherehani ilikuwa inakwenda taratibu. Aliyekuwa anaiendesha ni Sindano, mwenye kibanda, mtu mwembamba mwenye futi shingoni na miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alikuwa anashona mikanda myekundu ya kuwavisha mafahali watakaoshinda. Kila mwaka kazi hiyo huletwa kwake, na kila mwaka huifanya bila kukanyaga uwanjani. Akiulizwa kwa nini haendi kuona, husema vumbi linamsumbua.

Komeo alimtazama kwa pembe ya jicho. Sema sasa, alijiambia. Akafungua mdomo, akanywa kahawa.

Yeye na Sindano walianza kazi pamoja pale uwanjani wakiwa vijana, Komeo mlinzi mkuu wa geti, Sindano msaidizi wake. Mwaka wa kumi na moja wa maonyesho, asubuhi ya ufunguzi, ufunguo wa geti kubwa haukuonekana. Geti lile lilikuwa la mgeni rasmi na magari ya huduma tu, umma ulipita kwingine. Komeo alisema ameuacha kwenye msumari wa kibanda cha walinzi, na kuuchukua pale asubuhi ilikuwa kazi ya Sindano. Mgeni alipofika, mwenyekiti wa kamati, jasho likimtiririka, alishika kipaza sauti akatangaza kwamba mwaka huu, kwa kuwaheshimu wafugaji, mgeni wetu ataingia kwa geti la mifugo. Mgeni akafurahi kama mtoto. Alipofika kwenye mizani akapanda mwenyewe. Ndiyo ikawa desturi. Jioni yake Sindano aliachishwa kazi.

Hapakuwa na ufunguo kwenye msumari. Haukuwahi kuwekwa hapo. Komeo alisema uongo, na rafiki yake akala adhabu yake. Kisha miaka ikapita, Sindano akajifunza cherehani, akajenga kibanda, akaweka benchi, na Komeo akawa anakuja kulikalia kila siku. Mkewe Komeo alipofariki miaka miwili iliyopita, Sindano alifunga kibanda siku nane, akawa anakwenda kukaa naye sebuleni, wakati mwingine bila kusema hata neno moja. Huyo ndiye mtu wa kuambiwa. Na akiondoka huyo, Komeo hakuwa na mwingine.

— Nyote hamjui, Kamusi alikuwa anasema. Chini ya lile geti la zamani pamezikwa fahali.

— Fahali gani tena?

— Aliyeshinda miaka saba mfululizo. Mwaka wa nane wakaona aibu kumshindanisha, wakampa ujaji.

— Fahali jaji!

— Alikuwa anawapitia wenzake bandani mmoja mmoja. Atakayemnusa mara mbili ndiye mshindi. Na hakuna mfugaji aliyewahi kukata rufaa. Sasa alipokufa wakamzika getini kwa heshima. Mgeni rasmi atapitaje juu ya jaji? Wahenga walisema, fahali wawili hawakai zizi moja. Ndo maana mkubwa anapitishwa kando.

— Hapo karibu uipatie, alisema Mama Birika.

— Mnazunguka mbuyu, alisema Breki. Mgeni rasmi wa kwanza kabisa alikuwa ng'ombe mwenyewe.

— Breki!

— Subirini. Mkubwa aliyealikwa alipata dharura. Akaandika barua, namtuma wa kuniwakilisha. Saa nne juu ya alama, lori hilo. Wanafungua nyuma, ng'ombe peke yake, na barua imefungwa pembeni. Kwenye pembe, namaanisha. Kamati ikakaa. Wakasema, barua ni barua. Ng'ombe akapokewa, akavishwa maua, akapimwa, akapandishwa jukwaani.

— Akahutubia?

— Hotuba fupi kuliko zote katika miaka hamsini. Mpaka leo inasifiwa.

Hata Sindano alisimamisha cherehani akacheka, akafuta miwani.

— Jamani, alisema kwa ile sauti yake ya chini, maonyesho yalianzia kwenye ugomvi. Wakulima wawili walibishana nani ana hindi refu. Wakaenda kwa bwana shamba, akawaambia njooni Jumamosi kiwanja cha mpira, kila mtu na mahindi yake. Zikaja familia kumi na moja. Hindi refu lilikuwa la bibi mmoja ambaye hata kwenye ugomvi hakuwamo. Mwaka uliofuata wakaja wengine na mbuzi, kwa sababu na wao walitaka kumshinda yule bibi. Basi.

— Na geti la ng'ombe?

— Hilo sijui, alisema Sindano, akarudi kwenye mkanda wake.

Komeo alijua kwamba anajua. Alimwona alivyoinamisha kichwa, na kichwa hicho kilivyoinama ndivyo kilivyomchoma. Aliweka kikombe chini. Alishika magoti. Alisema:

— Sindano, ndugu yangu—

— Shikamooni wazee wangu!

Ndiye binti wa ofisi ya maonyesho. Alikuwa na jalada la karatasi ngumu kifuani na kalamu mbili kwenye nywele, na uso wa mtu aliyezungushwa mtaa mzima.

— Marahaba mwanangu, kaa, alisema Mama Birika. Usikae mwisho! Katikati hapo.

Alikaa. Akapewa kahawa. Kamusi alianza kumweleza habari za fahali jaji, naye kwa heshima akaandika maneno mawili kabla hajagundua. Kisha akafungua jalada lake.

— Wazee, mimi namtafuta mtu mmoja. Nimeambiwa hapa kijiweni mnawajua watu wote wa zamani. Tulikuwa tunapanga makaratasi ya kamati tukakuta hii. Naisoma kama ilivyo: "Mwaka wa kumi na moja. Geti kuu halikufunguliwa. Ufunguo umepotea. Mgeni ameingia kwa geti la mifugo. Mlinzi msaidizi ameachishwa kazi leo hii."

 Breki alisahau kumeza.

— Kumbe ni ufunguo tu? alisema Kamusi kwa uchungu wa mtu aliyefiwa na fahali.

— Ufunguo tu, alisema binti. Kamati ilicheka mpaka ikalia. Halafu mwenyekiti akasema, huyu mlinzi kama yu hai atafutwe. Bila yeye tusingekuwa na kitu ambacho watu wanakipenda kuliko vyote. Apewe kiti cha mbele. Aingie sambamba na mgeni rasmi. Ila karatasi haisemi anaitwa nani.

Cherehani ilikuwa imesimama. Sindano alitoka nyuma yake, futi linaning'inia, akasimama mlangoni na ule mkanda mwekundu mkononi.

— Ni mimi, alisema.

Ungeona walivyogeuka! Mama Birika alishika mdomo. Kamusi aliinuka, Breki akainuka, na benchi likamwinua Komeo likataka kumtupa, ila aling'ang'ania ubao.

— Wewe? alisema Breki. Miaka yote tunapayuka hapa, historia imekaa nyuma yetu inapiga cherehani?

— Niliona haya, alisema Sindano. Baada ya kufukuzwa nilirudi siku tatu kuutafuta kwenye majani. Nilitambaa. Watoto walinicheka. Mpaka leo naota ule msumari, naukuta mtupu. Nilijiuliza, niliuangusha lini? Niliugusa na kiwiko? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Na leo naambiwa nikakae mbele?

Akacheka kidogo, kicheko cha haya, na uso wake wote ukanyooka. Komeo alimjua mtu huyu zaidi ya nusu ya maisha yake na hakuwahi kuuona uso huo.

Hapo ndipo shetani alipomjia Komeo na maneno matamu. Nyamaza, mwache rafiki yako afurahi. Ukisema sasa utamnyang'anya na hiki kiti chake. Umemkosea mara moja, usimkosee mara mbili. Yalikuwa maneno ya upendo kabisa. Komeo aliyasikiliza, akayageuza, akaona ni uongo ule ule wa mwanzo, umefuliwa tu na kupigwa pasi. Mtu huyu alikuwa anauota msumari.

— Ufunguo niliupoteza mimi, alisema.

Hakuna aliyemwelewa.

— Haukuwekwa msumarini. Jioni ya kuamkia ufunguzi lori la maji lilitaka kutoka, nikafungua geti. Huku nina ndoo mbili, huku ndama wa watu katoroka bandani natakiwa kumrudisha. Nikaogopa kuuangusha ufunguo gizani. Nikaufunga na kamba, shingoni.

— Shingoni mwako? aliuliza Mama Birika.

— Mwa ndama.

— Ndama!

— Si ungeutia mfukoni, bwana? alisema Breki.

— Mfuko ulikuwa umetoboka. Nikasema nikimfikisha nitaufungua. Nikamsukuma ndani, nikaenda kumwaga maji, nikasahau. Alfajiri nakumbuka, bandani kuna ndama mia na sitini na wote ni wekundu. Nimepapasa shingo za ndama mpaka jua limechomoza. Kamba niliiona chini, imetafunwa. Ufunguo sikuuona mpaka leo.

— Ukasema umeutundika, alisema Sindano.

— Nikasema. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, tulikuwa kwenye nyumba ya kazi. Niliogopa. Nilijiambia nitasema kesho. Sina utetezi, Sindano. Nilisema uongo, na kesho yenyewe ndiyo hii.

Sindano alikunja ule mkanda mara mbili, akaukunjua.

— Suruali ngapi nimekushonea?

— Nyingi.

— Na mifuko yake?

Komeo aliitazama mifuko ya suruali aliyovaa.

— Mama yangu alikufa akijua ana mtoto mzembe, alisema Sindano, na sasa sauti haikuwa ya chini tena. Alikuwa anawaambia watu, mwanangu ni mzuri ila mkononi mwake vitu havikai. Ungemwambia yeye peke yake. Yeye tu! Mimi ningeendelea kufukuzwa, basi, lakini yeye angejua.

 Komeo aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka hadharani, mzee mzima, mbele ya duka la dawa. Na chini ya machozi, kwa aibu kubwa, aliona kwamba anapumua. Pumzi ilikuwa inafika mpaka chini kabisa ya kifua, mahali ambapo haikufika tangu ujana wake. Lolote litakalokuja na lije, neno limetoka.

Kamusi alikohoa.

— Wahenga walisema... alianza, akaangalia nyuso zao, akakaa.

Binti wa watu alikuwa amekaa katikati ya yote hayo na kalamu yake, hajui atazame wapi. Alichofanya ni kile anachofanya kila mtumishi akizidiwa: alirudi kwenye karatasi.

— Samahani wazee wangu. Naomba niulize kitu kidogo tu, nisije nikaandika vibaya. Lile lori la maji lilipotoka, kufuli lilifungwa tena?

— Lilifungwa, alisema Komeo akifuta uso. Nili... nilikuwa na ndoo. Nikavuta geti. Nikazungusha mnyororo. Kufuli nika...

Akasimama hapo. Alitazama mikono yake miwili kama inayoweza kumkumbusha. Ndoo huku, ndoo huku, ndama anakimbia. Mtu ambaye hurudi kutikisa mlango wa nyumbani kwake mara mbili kila akitoka, hakukumbuka kama alilibana lile kufuli.

— Sikumbuki, alisema.

— Lilikuwa limefungwa, alisema Sindano. Tuliliona wote. Mnyororo ule pale, kufuli lile pale linaning'inia.

— Ndiyo mzee, alisema binti. Lakini nani alilisukuma geti?

Kamusi alikuna kidevu.

— Yaani, asubuhi ile. Nani alijaribu kulisukuma akaona halifunguki?

Komeo alimtazama Sindano. Sindano alimtazama Komeo. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo walikuwa wanafikiri kitu kimoja.

— Mimi nilikuwa bandani na ndama, alisema Komeo polepole.

— Mimi nilikuta msumari mtupu, nikakimbilia getini, nikapiga kelele kwamba geti limefungwa, ufunguo hakuna. Halafu nikasimama pale kulilinda.

— Ukililinda na nini? aliuliza Breki.

— Watu wasilisogelee. Nilisimama saa tatu nzima, nimeligeuzia mgongo.

— Na mwenyekiti?

— Mwenyekiti alisimama mbele yangu ananitukana.

— Na ile bendi ya tarumbeta?

— Bendi ilipanga mstari inangoja.

— Na mgeni mwenyewe?

— Alishuka, akauliza kuna nini, akaambiwa geti limefungwa, akasema sawa.

— Baadaye je? aliuliza binti. Lilifunguliwa na nani?

— Wiki nzima tulipita kwa ng'ombe, alisema Komeo. Mwaka uliofuata waling'oa geti wakajenga ukuta. Mafundi walioling'oa hawakusema kama walilikuta limefungwa.

Binti alishikilia kalamu juu ya karatasi. Iliandikwa pale "geti kuu halikufunguliwa," na huo ndio ulikuwa ukweli mtupu, hakuna neno la kuongeza.

Ilianzia kwenye mabega ya Sindano. Komeo alidhani analia, akainuka kumshika. Kumbe ni kicheko. Kilikuwa kinampanda kwa shida, kinaikuta hasira njiani, kinaisukuma, hasira inarudi, kinaisukuma tena, mpaka kikatoka na sauti iliyomshtua mtu wa duka la dawa.

— Saa tatu! alisema. Nimeligeuzia mgongo! Ningepiga chafya tu, mama yangu, ningepiga chafya moja!

— Bendi nzima, alisema Breki akijipiga paja. Watu ishirini wenye mapafu! Wangepuliza lingefunguka!

Mama Birika alicheka akashika nguzo. Kamusi alicheka akasema ndiyo maana wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na safari hii hakuna aliyekuwa na nguvu za kumsahihisha. Komeo alicheka huku analia, hajui kipi ni kipi. Binti peke yake alikuwa bado na kazi.

— Sasa wazee, niandike nani?

Sindano alivua miwani, akaifuta na ule mkanda wa fahali.

— Andika walinzi walikuwa wawili. Mmoja aliupoteza ufunguo akadanganya. Mwingine hakulisukuma geti. Yote mawili yaandike, herufi kubwa. Na viti viwe viwili.

— Mimi sistahili kiti, alisema Komeo.

— Nani kasema unastahili? Utapita kwenye dawa ya kwato kama wengine, na kilo zako zitangazwe mji mzima usikie. Na nyumbani kwa dada yangu tutakwenda wote, leo, ukamwambie mwenyewe habari za ndama. Yeye ndiye aliyebaki wa kumwambia.

— Nitakwenda, alisema Komeo. Hata sasa hivi.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha binti. Likatoa matone matatu, halafu pumzi.

— Imekwisha, alisema, na kwa kuwa kijiwe hicho hakikai bila kahawa, watu walianza kujikung'uta vumbi na kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja na haraka ya kwenda kumsimulia mtu. Kamusi alikuwa ameshaanza kumwambia Breki kwamba yeye kwa kweli alihisi tangu mwanzo.

Walibaki wawili. Sindano alirudi kwenye cherehani, akaweka mkanda chini ya sindano, akaukosea, akautoa. Komeo alisimama mlangoni na kofia mkononi.

— Umenisamehe?

— Bado. Usiniharakishe. Nimekasirika, Komeo, na nadhani nitakasirika muda. Nikifika kwenye habari ya mama nakasirika upya.

— Ni haki yako. Basi baada ya kwa dada yako, nikae nyumbani kwanza? Nisije siku mbili tatu hizi?

Sindano alikanyaga cherehani, nayo ikaanza kwenda. Aliongea bila kuinua kichwa.

— Nimesema nimekasirika. Sijasema usije.